Nukta Iliyokosekana Kwenye Adapta ya Hajati

Feni na Asiki,

Jumamosi iliyopita nilistaafu kibandani kwa Fundi Swale. Nina miaka kumi na minane, chekeni mkitaka. Wapo watu waliokaa ofisini miaka thelathini na hawajaunguzwa na pasi ya kulehemu hata mara moja. Mimi nina makovu saba na yote nimeyaandika kwenye daftari langu, kila moja na siku yake. Meza mtakayofanyia kazi nyinyi nimeifanyia kazi tangu nikiwa Sinia wani, mwaka wa kwanza wa sekondari, kila Jumamosi, kila likizo, na jioni nyingi ambazo mama alidhani nasoma.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya meza yetu. Feni, wewe wa Koboko hujui Kilugbara changu, Asiki hajui Kikakwa chako, na Fundi Swale akisikia Kiingereza hudhani kuna mtu amekuja kumnyang'anya kitu. Kiswahili chake mtakizoea. Kwake kila kitu "iko", na hata kisichokuwepo "iko hapana".

Mambo ya nililipwa nini sitayaandika. Nitawaeleza tulivyofanya kazi, halafu nitaandika jambo moja ambalo nimelificha miaka mitatu. Linahusu macho ya Fundi. Mmesikia utani wa sokoni kwamba macho yake yamekwenda hija. Mimi ndiye niliyeyapeleka.

Nilifika kwa Fundi kwa sababu nilishindwa kuuza nyanya. Mama aliniweka sokoni, na mteja akiuliza bei nilikuwa naangalia miguu yake. Siku ya tatu mama akakusanya nyanya zake zilizoanza kulainika, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya soko kwenye kibanda cha mabati cha Fundi, ambaye alikuwa rafiki wa marehemu baba. Alimwambia, "Huyu hawezi kusema na watu. Labda ataweza na redio."

Fundi hakuniuliza chochote. Alinipa kopo la skrubu zilizochanganyika, akasema nizitenganishe kwa ukubwa. Nilizitenganisha hadi jioni, nikatembea kurudi nyumbani Mvara nikiwa na furaha kuliko siku zote za shule, kwa sababu kwa saa sita hakuna mtu aliyeniuliza kitu.

Mita ya kupimia umeme, yenye sindano na kioo kilichopasuka pembeni ni ya Fundi tangu alipokuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano jeshini. Mwaka wa sabini na tisa, vita ilipofika na watu wakakimbilia Zaire, yeye aliivusha mpaka wa nchi ikiwa ndani ya sufuria, chini ya unga wa muhogo. Kule ng'ambo ililisha nyumba yake miaka mingi kabla hajarudi. Hata leo ukiifungua utakuta unga kwenye pembe. Kwa hiyo msiiangushe, na msiisafishe sana.

Wiki yangu ya pili niliiunguza. Fundi aliniambia nipime umeme wa ukutani, nami nikaingiza waya kwenye soketi bila kuzungusha kitufe cha katikati. Kulikuwa na cheche, kulikuwa na mlio, nami nilikuwa chini ya meza. Nilingoja matusi. Fundi aliifungua mita, akatoa fyuzi iliyokatika, akafunga uzi mmoja wa shaba mahali pake, akasema, "Sasa unajua ukuta iko na meno." Basi. Angenipiga, labda ningesahau. Tangu siku ile niliogopa kupima ukuta, na kwa kuwa niliona haya kusema naogopa, nilijifunza kuonekana niko na shughuli nyingine wakati wa kuupima ukifika. Liwekeni hilo akilini, nitalirudia.

Nilipofika Sinia tu, yaani mwaka wa pili, ndipo gemu za mkono zilipoanza kuletwa. Zilikuwa za zamani, zile nene za skrini ya kijivu, zilizochezewa na watoto wa watu wengine katika nchi nyingine mpaka herufi za vitufe zikafutika. Zilitufikia kupitia Ariwara, ng'ambo ya mpaka, au ndani ya sanduku la ndugu kutoka Kampala, na karibu zote zilikuja bila adapta zake. Gemu moja hula mawe manne ya redio, yaani betri, kwa siku chache. Mtu akichoka kununua mawe hutafuta adapta yoyote ambayo pini yake inaingia kwenye tundu, na pini ikiingia anadhani mambo yamekwisha. Halafu anakuja kwetu, gemu imefungwa kwenye leso kama maiti ya ndege.

Sasa sikilizeni namna ya kupima, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Gemu nyingi za aina ile zinataka volti sita, na zinataka hasi katikati ya pini, chanya nje, kinyume cha redio nyingi. Someni kwanza kilichoandikwa nyuma ya gemu, hata kama kimekwanguka, tena kwa tochi. Kisha pimeni adapta ikiwa na kazi. Ukiipima mikono mitupu, ile iliyoandikwa sita itakuonyesha tisa na hata zaidi, na utaitupa bure. Fundi huiwashia balbu ya tochi kwanza, ndipo anaangalia sindano. Lakini kabla ya balbu, kabla ya yote, pimeni ukuta. Adapta hizi za bei nafuu hazina akili zake zenyewe. Ukuta ukiwa na nguvu nazo zina nguvu, ukuta ukilegea nazo zinalegea. Na ukuta wa Arua mnaujua. Umeme unakuja jioni, na kila nyumba ikiwasha taa na pasi kwa pamoja, balbu ya kibandani inakuwa rangi ya chai.

Adapta ikishapimwa, Fundi huweka swichi yake ya volti mahali panapofaa, anaizibia kwa tone la rangi nyekundu ya kucha ya mkewe ili mteja asiisogeze, na kabla rangi haijakauka anachora alama kwa ncha ya sindano. S, halafu nukta moja tumboni mwa ile S. Alama hiyo ilijulikana kutoka Manibe mpaka Koboko. Mtu aliyeiona hakuuliza zaidi. Mkewe tu ndiye aliyelalamika, kwamba kucha za redio za watu zinapendeza kuliko zake.

Hajati Zamzamu ana mkahawa wa chai Koboko, mahali ambapo madereva wa malori husubiri karatasi zao. Kaka yake alimletea gemu moja ya kijivu, ya matofali yanayoanguka, akaifunga kwa kamba kwenye meza ya mbele. Ukinunua chai unacheza mpaka ufe mara moja. Madereva waliacha mikahawa mingine yote. Mawe yalipomshinda, akapata adapta yenye swichi ya hatua nyingi, akaituma kwetu kwa dereva wake anayeitwa Taban, na ujumbe kwamba anataka mkono wa Fundi mwenyewe, asiguse mtoto.

Ilikuwa jioni ya katikati ya juma. Kulikuwa na adapta tano mezani. Fundi alipima nne, adhana ikamkuta, akasema hiyo ya Hajati tumngoje, atarudi. Hajafika mbali Taban akatokea. Alikuwa ameambiwa lori linaondoka usiku uleule badala ya alfajiri, na alisimama mlangoni akipiga funguo kwenye paja. Ningeweza kumwambia angoje. Ni maneno mawili. Lakini mnajua nilivyo na watu wanaosimama mlangoni.

Nikaichukua. Nikawasha balbu ya tochi, nikaweka swichi kwenye sita, sindano ikasimama chini ya tano. Nikasogeza hatua moja, haikufika. Nikaweka kwenye tisa, sindano ikapita sita kidogo tu, nikaona vizuri. Balbu ya juu yangu ilikuwa rangi ya chai. Nilikuwa naifanyia kazi chini ya mwanga wake na sikujiuliza kwa nini adapta ya tisa inatoa sita. Yaani, nitasema ukweli, nilijiuliza. Jibu lilikuwa ukutani, na sikutaka kwenda ukutani.

Nikatia rangi ya kucha. Taban akauliza, "Ni Fundi mwenyewe amepima?" Nikainamisha kichwa kukubali. Halafu, kwa kuwa alikuwa ananiangalia mikono, nikachora S.

Fundi aliporudi aliona nafasi tupu mezani. Nikamwambia Taban amekuja kuchukua. Akasimama kidogo, akajikuna kidevu. "Ile ya Hajati? Nilikuwa nimepima?"

Nikainamisha kichwa tena.

Mnaona? Hakuna neno la uongo lililotoka mdomoni mwangu siku ile. Kwa muda mrefu nilijiambia hivyo, mpaka kwenye daftari niliandika hivyohivyo, kwa wino mwekundu, kama mtu anayejitetea mbele ya mwalimu.

Koboko hawana umeme wa mji. Hajati anatumia jenereta ya jirani, na jenereta ile ikiwa na taa mbili tatu tu inavuma kwa nguvu kuliko ukuta wowote wa Arua. Swichi ilikuwa kwenye tisa, na gemu haina njaa ya balbu ya tochi. Ilidumu jioni moja na nusu, ikaungua.

Wiki tatu baadaye Hajati alikuja mwenyewe, siku ya soko. Ni mwanamke mwenye sauti inayofika kabla yake. Aliweka gemu kwenye meza, na harufu ya plastiki iliyoungua bado ilikuwa inatoka kwenye tundu. Kibanda kilikuwa na wateja sita, na nje wauza samaki wakasogea. Alisema watu walikuwa wanaketi kwake kwa ajili ya kitu hiki, na sasa wanakunywa chai ya jirani ambayo hata majani haina. Akatoa adapta kwenye mkoba akaionyesha watu wote, ile S nyekundu.

"Hii si alama yako, Fundi?"

Fundi aliichukua, akaitazama kwa mbali, mkono umenyooka kama anavyofanya siku hizi. Niliona midomo yake ikisoma namba ya swichi. Tisa. Nilingoja aseme hapana. Nilimwomba Mungu aseme hapana, ili nikamatwe na iishe.

"Ni yangu," akasema.

"Basi macho yako yamekwenda hija yakakuacha hapa," Hajati akasema, na soko zima likacheka. Hata mimi nilitabasamu. Hilo sijawahi kumwambia mtu, na naliandika hapa kwa sababu nimeahidi kuandika yote. Kila mtu alikuwa anacheka, nami niliogopa kuwa peke yangu ambaye hacheki.

Fundi alimpa Hajati redio yake mwenyewe, ile aliyokuwa anasikilizia habari, akamwomba radhi mbele ya wauza samaki. Gemu aliifungua akaona imeungua ndani, mahali ambapo hakuna fundi anayefika, akamrudishia. Adapta alibaki nayo. Aliitia kwenye kopo la skrubu chini ya meza, na sikumwona akiigusa tena.

Kesho yake alinyanyuka kwenye kigoda cha mita akanielekeza kwa kidevu nikae mimi. Alisema macho yake yamechoka, na kichwa chake pia, maana hata kupima hiyo adapta hakukumbuki. "Wewe iko na macho ya kijana. Pima wewe, mimi nitalehemu." Watu wengine wangeita hiyo kupandishwa cheo.

Nilijifunza kupima ukuta wiki hiyo. Nilipima ukuta mara mbili, mara tatu, nilipima hata asubuhi wakati hakuna umeme. Katika miaka mitatu haikuungua gemu nyingine. Watu wa Arua walianza kusema yule binti wa Mvara ana mkono. Watu wa Koboko hawakuja tena. Wakiwa na kitu cha kupima walikipeleka ng'ambo. Na mtu akipita kibandani na kumkuta Fundi ameinamia waya, alimsalimia na kuuliza kama macho yameshatuma barua kutoka Maka. Fundi alicheka nao. Alikuwa anacheka vizuri sana, na mimi nilikuwa nahesabu skrubu.

Mara mbili aliomba ruhusa kwa mkewe akaenda hospitali ya Kuluva kupimwa macho. Mara zote mbili alirudi akashika pasi yake ya kulehemu, nami sikuuliza daktari amesema nini. Niliogopa kwamba daktari amesema kweli ni mabovu, na niliogopa zaidi kwamba amesema ni mazima.

Mwezi uliopita nilipata fomu ya kwenda kusomea uuguzi. Walitaka barua ya mtu niliyemfanyia kazi. Fundi alifurahi kama ni yeye aliyeitwa. Alifunga kibanda saa sita mchana, akaninunulia soda, akakaa mbele yangu. Kwa kuwa hawezi kuandika barua ya Kiingereza, yeye aseme, mimi niandike. Alisema nimefika nikiwa mdogo, nikaandika. Alisema sichelewi, nikaandika. Alisema sijavunja kitu isipokuwa fyuzi moja, naye akacheka, nikaandika.

"Andika tena. Andika, miaka yote hii hajanidanganya hata mara moja."

Kalamu ilisimama. Akadhani natafuta Kiingereza chake, akarudia polepole. Niliangalia karatasi. Mtu anaweza kuinamisha kichwa miaka mitatu, lakini hii ilitaka niiandike kwa mkono wangu. Na huko ninakokwenda, nimesikia, kila dawa unayompa mgonjwa unatia saini jina lako mwenyewe.

Nilisema, "Mzee, adapta ya Hajati nilipima mimi."

Nikamweleza yote, nikiwa naangalia chupa ya soda: Taban, balbu rangi ya chai, ukuta, S. Nilipofika pale alipouliza na nilivyomjibu, nikamwonyesha tu. Nikainamisha kichwa kama siku ile.

Fundi aliinama chini ya meza akavuta kopo la skrubu. Adapta ilikuwa chini kabisa. Hakuitazama. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ile rangi, polepole, akaenda, akarudi.

"Nukta iko wapi?"

Sikuwa nimeweka. Kwa haraka ile nilisahau nukta, na yeye siku ile ya soko aliona haya hata kuigusa alama, akakubali tu.

Aliiweka adapta mezani. Nje mtu alikuwa anabishana bei ya kamba. Hatimaye akasema, bila kunitazama, "Daktari wa Kuluva alisema macho yangu iko sawa. Nivae miwani ya kusoma, basi. Mara mbili alisema. Mimi nikasema huyu ananihurumia mzee."

Nilisema nisamehe. Hakusema amesamehe. Alisema barua itangoja, kwanza niende Koboko.

Nilienda Jumatatu, juu ya magunia ya lori la Taban, ambaye njia nzima hakujua kwa nini nimekuwa mkimya kuliko kawaida. Kwa Hajati gemu ile bado imefungwa kwa kamba kwenye meza ya mbele. Madereva wanaitumia kukandamizia karatasi zao. Nilisimama mbele yake nikasema niliyokuja kusema, na nilisema kwa sauti ndogo, akaniambia nirudie, hasikii. Nikarudia. Mkahawa mzima ulisikia.

Hajati aliniangalia kuanzia viatu. Nilingoja sauti ile initandike, na ningestahili. Lakini alichouliza kilikuwa kingine.

"Kwa hiyo mzee wa watu macho yake mazima?"

"Mazima, Hajati."

Akageukia madereva. "Mmesikia? Macho ya Fundi Swale yamerudi kutoka hija. Hayakwenda hata. Huyu binti ndiye aliyeyaficha." Kisha kwangu, chini kidogo: "Na mimi ndiye niliyetangaza. Miaka mitatu. Keti unywe chai, halafu uondoke, sitaki kukuona leo." Niliinywa ikiwa ya moto hadi ikaniunguza ulimi. Hakuna aliyecheka.

Niliporudi Arua, Fundi alikuwa kwenye kigoda cha mita. Alikuwa amevaa miwani, bado ina karatasi ya dukani kwenye kioo kimoja. Mbele yake kulikuwa na adapta mbili za watu, na alikuwa na waya wa mita kwenye soketi, anapima ukuta. Sikuwa na pa kukaa, nikasimama. Alipomaliza alinisogezea ile barua, na kalamu.

"Ile sentensi ya mwisho," akasema. "Andika, alinidanganya mara mbili. Halafu andika, akasema mwenyewe."

Mara mbili. Alikuwa amehesabu: ile S, na kile kichwa. Niliandika kama alivyosema, kwa Kiingereza kibovu cha Sinia foo. Alichukua kalamu akatia saini. S, na nukta tumboni.

Ndiyo barua niliyopeleka. Hawajajibu mpaka leo ninapoandika.

Rangi ya kucha iko kwenye kopo la maziwa, karibu na pasi. Sindano imechomekwa kwenye mshumaa. Feni, chora F. Asiki, chora A. Nukta ni ya Fundi peke yake.